Pampu inayozungusha maji ya joto la nyumba inaponguruma: utoe upepo, usafishe maji, ubadilishe kichwa au ununue pampu mpya?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa Novemba, joto la nyumba lilijiwasha kama kila siku, na kabati la silinda ya maji ya moto, lililo kati ya chumba chetu na cha watoto, likaanza kunguruma. Siku ya kwanza tulivumilia. Siku ya nne mke wangu akaniambia, "Baba Salma, hiyo pampu inakufa, mwite fundi." Fundi akaja, akafunga pampu mpya kwa muda wa saa moja, akalipwa, akaenda zake. Tulilala vizuri majira yale yote ya baridi. Mwaka uliofuata, Novemba ileile, kabati likanguruma tena, na pampu ilikuwa na umri wa miezi kumi na miwili tu.

Ndipo nikampigia simu mzee mmoja wa Mombasa ambaye amefanya kazi ya mabomba huku Uingereza tangu ujana wake. Hakuniuliza pampu ni ya kampuni gani. Alisema, "Mwanangu, kabla hujaagiza nyingine, nitolee maji ya rejeta kikombe kimoja niyaone." Maji yalitoka meusi kama wino wa pweza.

Nawaandikia wenzangu mlioko Uingereza, ambako nyumba nyingi zina boila, rejeta za ukutani na pampu moja ndogo inayozungusha maji. Ikianza kulia, njia zilizo mbele yako ni nne: kutoa upepo na kurekebisha spidi, kusafisha maji ya mfumo, kubadilisha kichwa cha pampu peke yake, au kuing'oa pampu yote na kufunga mpya. Nimezipitia zote nne, nyumbani kwangu na kwa ndugu na jamaa, na kila moja nimeiona ikifaa mahali pake na ikipoteza pesa mahali pasipo pake.

Pampu hii si kama ya kisima

Sisi tuliokulia pwani, pampu tunayoijua ni ile inayovuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye simtanki juu ya paa. Ya joto haipandishi kitu. Mabomba na rejeta zimejaa maji tayari, na maji yanayoshuka upande mmoja yanasawazisha uzito wa yanayopanda upande wa pili. Kazi iliyobaki kwa pampu ni kushinda msuguano wa mabomba tu. Ndiyo maana ni ndogo kiasi cha kushikika kwa mkono mmoja, na ndiyo maana spidi ya juu kabisa ni nadra kuhitajika.

Jambo la pili ndilo lililonifungua macho. Katika pampu hizi rota inazunguka ndani ya maji yaleyale ya rejeta, na hayo maji ndiyo mafuta ya beringi zake. Yakichanganyika na hewa, beringi zinazunguka kavu. Yakichanganyika na kutu, zinazunguka ndani ya msasa. Kwa hiyo pampu inayolia mara nyingi inatoa habari za maji yaliyomo, na ukiibadilisha bila kuyaangalia, umemleta mgeni mpya kwenye chakula kilekile kilichomuua wa kwanza.

Vigezo vya kupimia

Kila njia nitaipima kwa mambo haya. Inatibu chanzo gani cha kelele. Kazi yenyewe ikoje, na nani anaweza kuifanya: wewe mwenyewe, fundi bomba, au fundi aliyeandikishwa na Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Inagharimu nini, kwa pesa na kwa saa za kukaa bila joto. Inaweza kuharibu nini. Na mwisho, inamfaa nani.

Bei za mafundi hutofautiana sana baina ya London na miji mingine, kwa hiyo nitasema ipi ni ya senti na ipi ni ya mamia ya pauni, nisijifanye najua ankara yako.

Kabla ya kuchagua, sikiliza

Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye chuma cha pampu, mbali na kisanduku cha umeme, na mpini wake uuweke sikioni, vile wafanyavyo mafundi wa magari wanapotafuta beringi mbovu ya injini. Kisha sogeza ncha kwenye bomba, halafu kwenye boila. Utajua kelele inazaliwa wapi, kwa sababu mabomba ya shaba huichukua sauti na kuipeleka vyumba vitatu mbali na ilikotokea.

Sauti ya maji kububujika au kugugumia, kama mtu anayekunywa kwa mrija glasi inapoisha, ni hewa. Mvumo mmoja mrefu usiobadilika mara nyingi ni spidi iliyozidi, au pampu inatikisa ubao au bomba lililofungwa vibaya. Shika bomba kwa mkono, mvumo ukipungua umempata mkosaji, na kibano chenye mpira kitatosha. Mluzi kwenye rejeta ni maji yanayosukumwa kwa nguvu kupita vali zilizokaribia kufunga. Kusaga na kukwaruza ni beringi au uchafu.

Kuna mbili zinazosingiziwa pampu. Mlio wa kugonga unaosikika bomba likipata moto na tena likipoa ni shaba inayotanuka na kusugua mbao za sakafu. Na kelele ya birika linalokaribia kuchemka, ikitoka ndani ya boila, ni magamba ya chokaa au tope lililoganda pale moto unapokutana na maji. Hii husikika zaidi London na kusini mashariki, ambako maji ni magumu. Hapo kubadilisha pampu hakutasaidia kitu.

Hakikisha pia unajua pampu yako iko wapi. Ikiwa imefungwa peke yake kwenye kabati la silinda, njia zote nne ziko wazi kwako. Ikiwa una boila la kombi, lile linalopasha maji ya bomba papo hapo bila silinda, pampu imo ndani ya boila lenyewe, na kifuniko cha boila la gesi hakifunguliwi na mtu asiye fundi wa Gas Safe. Unaweza kutoa upepo kwenye rejeta na kuangalia presha, lakini mkono wako unaishia hapo.

Njia ya kwanza: kutoa upepo na kushusha spidi

*Inatibu nini.* Kububujika, mluzi na mvumo. Pia inatibu hali ya pampu iliyolala kiangazi chote na kuamka inalia, kwa kuwa hewa ilijikusanya humo.

*Kazi yenyewe.* Zima joto na uache maji yapoe. Usitoe upepo pampu ikizunguka, maana katika mifumo mingine rejeta inaweza kuvuta hewa ndani badala ya kuitoa, na maji ya moto yanaunguza. Anza na rejeta za chini, malizia na za juu. Shika kitambaa chini ya kile kipini cha pembeni, fungua kwa ufunguo wake nusu mzunguko, sikiliza upepo ukitoka, na ukiona maji, funga. Kisha tazama geji ya presha. Mfumo uliofungwa, yaani usio na tangi darini, unatakiwa usome kati ya baa 1 na 1.5 ukiwa baridi. Ukiwa chini ya hapo, jazia taratibu kwa bomba la kujazia, na ulifunge kabisa ukimaliza. Ukijaza kupita kiasi, vali ya usalama inayofunguka kwenye baa 3 itakumwagia maji nje ya ukuta siku mfumo ukipata moto.

Pampu nyingi za zamani zina skrubu kubwa katikati ya uso wake. Ukiilegeza kidogo, pampu ikiwa imezimwa, hewa iliyonaswa hutoka. Nyingi za kisasa hazina skrubu hiyo; zinajitoa hewa zenyewe zikizunguka kwa muda.

Halafu spidi. Pampu ya zamani ina swichi ya I, II na III. Ikiwa iko III, rudisha II, ukae siku mbili. Ikiwa rejeta ya mbali kabisa bado inapata moto vizuri, umeshinda bila gharama. Pampu za kisasa zina mtindo wa kupunguza nguvu zenyewe kadiri vali za rejeta zinavyofunga, na kwa nyumba yenye vali zenye namba kila chumba, mtindo huo ndio mtulivu kuliko yote.

*Gharama.* Ufunguo wa rejeta ni wa senti, na kazi nzima haimalizi asubuhi ya Jumamosi.

*Madhara.* Ni madogo, isipokuwa kwa anayeshusha spidi kupita kiasi na kuziacha rejeta za mwisho baridi. Na tafadhali, usiwashe kiberiti wala sigara ukiwa unatoa upepo. Kile kinachotoka si hewa ya kawaida kila mara. Chuma kinapoliwa na kutu ndani ya maji yasiyo na oksijeni hutoa haidrojeni, na haidrojeni inawaka.

*Inamfaa nani.* Mpangaji, mwenye boila la kombi, aliyehamia nyumba mpya juzi, na kila mtu ambaye kelele yake ni ya wiki hii. Haimfai yule anayetoa upepo kila wiki mbili. Hewa inayorudi ina mlango inaoingilia au kiwanda kinachoitengeneza: kuna uvujaji mahali, au kutu inazalisha haidrojeni. Kwenye nyumba za zamani zenye tangi dogo darini, panda ukatazame. Ukikuta bomba la pumzi, lile lililopinda juu ya tangi, linatema maji ya moto ndani yake, basi ama pampu inakwenda kasi mno ama bomba la kulisha limezibwa na tope, na mfumo unajivutia hewa mchana na usiku.

Njia ya pili: kusafisha maji

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia ambayo watu hawaifikirii.

*Inatibu nini.* Kusaga, kukwaruza, rejeta zenye moto juu na baridi katikati chini, hewa inayorudi kila baada ya siku chache, na pampu inayokufa mapema. Kinachofanyika ndani ni hiki: rejeta ni za chuma, na chuma kikikutana na maji yenye oksijeni kidogo hugeuka unga mweusi, magnetaiti. Unga huo unavutwa na sumaku. Na ndani ya pampu kuna nini? Sumaku. Pampu za kisasa zina rota ya sumaku ya kudumu, kwa hiyo zinaukusanya unga huo kwa bidii kuliko zile za zamani. Pampu yangu ile ya miezi kumi na miwili ilikuwa hivyo hasa: mpya, ya kisasa, imeshiba unga.

Jipime mwenyewe. Toa maji ya rejeta kwenye glasi, uyaache yatulie nusu saa. Yakiwa safi, mshukuru Mungu na urudi njia ya kwanza. Yakiwa meusi, weka sumaku ya friji nje ya glasi. Unga ukikimbilia sumaku, umeona adui yako. Yakiwa na rangi ya kutu nyekundu, oksijeni mpya inaingia mara kwa mara, nawe tafuta kwanza mahali maji yanapovuja au sababu ya kujazia kila wiki.

*Kazi yenyewe.* Ina ngazi tatu. Ya chini ni kumimina dawa ya kusafishia, kuuacha mfumo uizungushe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kuyamwaga maji yote, kujaza mapya na kutia kizuia kutu. Majina yanayojulikana madukani ni Fernox na Sentinel. Mtu makini anaweza kuifanya mwenyewe kwenye mfumo wenye tangi darini. Ngazi ya pili ni kufunga chujio la sumaku kwenye bomba linalorudi kwenye boila, ambalo hunasa unga na kusafishwa kila mwaka. Ya tatu ni pawa flashi: fundi analeta mashine yake, anaiunganisha na mfumo, anasukuma maji kwa kasi huku akigonga rejeta moja baada ya nyingine mpaka maji yatoke safi.

Kiwango cha Uingereza cha maji ya mifumo hii, BS 7593 cha mwaka 2019, kinataka mfumo usafishwe, utiwe kizuia kutu na uwekwe chujio, na maji yapimwe kila mwaka. Mwulize fundi wako kama anakifuata. Jibu lake litakufundisha mengi.

*Gharama.* Dawa na kizuia kutu ni makumi ya pauni. Chujio na kulifunga ni zaidi ya hapo. Pawa flashi hugharimu mamia kadhaa ya pauni na humeza siku nzima, nyumba ikiwa baridi.

*Madhara.* Nisiwafiche. Rejeta ya miaka thelathini iliyoliwa na kutu inaweza kuwa imezibwa tundu zake na lile tope lenyewe. Ukiliondoa, inaanza kutoa machozi kwenye zulia. Na mabomba membamba ya milimita 8 au 10, yaliyopendwa sana miaka ya 1970, yakishaziba kabisa hata mashine huenda isiyafungue. Fundi mwaminifu atakwambia haya kabla hajashusha mashine garini.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyumba anayetarajia kuishi humo, mwenye maji meusi, na mtu yeyote anayetaka kufunga pampu au boila jipya. Mpangaji asitie pesa zake hapa; nitalieleza hilo chini. Na kama beringi zimekwisha kulika, kusafisha maji hakutazirudisha, kutalinda zitakazofuata.

Njia ya tatu: kubadilisha kichwa peke yake

Pampu ina kichwa na kiwiliwili. Kichwa ni mota na rota. Kiwiliwili ni chuma kilichofungwa kwenye bomba. Vinashikana kwa skrubu nne za alenkii.

*Inatibu nini.* Beringi zilizokufa na mota inayovuma, wakati kiwiliwili na koki zake, zile za kufungia maji pande mbili za pampu, bado ni vizima.

*Kazi yenyewe.* Unakata umeme kwa kutoa fyuzi kwenye swichi ya ukutani. Usiamini saa ya joto wala kidhibiti cha chumbani kwamba vimezima, kwa sababu maboila mengi huendelea kuilisha pampu umeme kwa dakika kadhaa baada ya moto kuzimika. Unafunga koki za pande zote mbili, unaweka beseni, unalegeza skrubu nne, kichwa kinatoka na maji kidogo, unafuta uso wa chuma, unaweka mpira mpya wa kuziba, unafunga kichwa kipya na kuunganisha nyaya. Kama hujui nyaya, mwite anayejua. Maji na umeme wa volti 230 ni majirani wabaya.

Uzuri wake ni kwamba huzigusi zile nati kubwa mbili ambazo labda hazijafunguliwa tangu nyumba ijengwe. Nati hizo ndizo zinazogeuza kazi ya saa moja kuwa ya siku mbili.

*Gharama.* Iko katikati. Wakati mwingine kichwa huuzwa bei inayokaribia ya pampu nzima, na unachookoa ni kazi ya fundi.

*Madhara.* Kichwa lazima kilingane na kiwiliwili: matundu ya skrubu, propela na kampuni. Kulazimisha kichwa kisicho chake ni kununua uvujaji. Na kama koki za pembeni hazifungi, utaletewa maji ya nyumba nzima mapajani. Zijaribu siku moja kabla: zifunge, washa joto dakika mbili, ushike bomba la mbele kama linapata moto. Usizidishe muda huo, maana pampu isiyopitisha maji hujichemsha.

*Inamfaa nani.* Mwenye mfumo wa zamani, maji masafi, nati zilizokamatana na pampu ya kampuni ambayo bado inatoa vichwa vyake. Nilimfanyia hivi shangazi yangu anayeishi ghorofa ya tatu, ambako kumwaga maji ya mfumo mzima kungetuletea ugomvi na wa chini. Ni mwaka wa nne sasa, na kabati lake limetulia.

Njia ya nne: pampu mpya nzima

*Inatibu nini.* Kila ubovu wa pampu yenyewe, pamoja na koki zilizooza ukizibadilisha kwa pamoja. Haitibu hewa, uchafu wala magamba ya boila.

*Kazi yenyewe.* Pampu nyingi za nyumbani Uingereza zina urefu wa milimita 130 kutoka mdomo hadi mdomo, kwa hiyo ya kampuni ya Grundfos huingia palipotoka ya kampuni ya Wilo bila kukata bomba. Pima kwanza kabla ya kuagiza. Katika namba kama 15-50 na 15-60, sehemu ya pili inaeleza nguvu ya kusukuma: mita 5 na mita 6 za kimo cha maji. Nyumba ya vyumba vitatu haihitaji kubwa kuliko iliyokuwepo, na kuchukua kubwa "kwa usalama" ni kununua mluzi mwingine. Mshale kwenye chuma ufuate mwendo wa maji. Mhimili wa mota ulale usawa, usielekee juu wala chini, la sivyo hewa itakaa juu ya beringi na kelele itarudi wiki ileile. Nimekuta nyumba mbili ambazo kosa lilikuwa hilo tu.

*Gharama.* Kwa pampu peke yake ndiyo ghali kuliko kichwa na kuliko kutoa upepo, ingawa mara nyingi haifikii pawa flashi. Lakini hesabu na umeme. Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa bado ndani, ulikaza masharti ya pampu hizi tarehe 1 Januari 2013 na tena Agosti 2015, na zile za zamani za spidi tatu zikatoka sokoni. Tuseme ya zamani inakula wati 80 na mpya inakula 20. Ikifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 210 za mwaka, unaokoa takribani uniti 100. Si utajiri, ila pampu inajilipa kidogokidogo, na zile mpya huanza taratibu bila kushtua mabomba.

*Madhara.* Nati zilizokamatana zinaweza kuvunja bomba. Na sumaku yake, kama nilivyosema, inaupenda unga mweusi.

*Inamfaa nani.* Mwenye pampu ya zaidi ya miaka kumi na mitano, mwenye koki zinazovuja, na anayesafisha mfumo wakati huohuo akiwa na nafasi ya kufanya mambo mawili kwa mmwago mmoja wa maji.

Kwa hali yako

*Umepanga.* Toa upepo, soma presha, piga picha ya geji, rekodi kelele kwa simu, kisha mwandikie mwenye nyumba au wakala wake. England, kifungu cha 11 cha sheria ya Landlord and Tenant Act ya mwaka 1985 kinamtwika mwenye nyumba jukumu la kutengeneza vifaa vya kupasha joto nyumba na maji. Huo si upendeleo wa kuombea kwa unyonge. Andika kwa adabu, kwa tarehe, na ubaki na nakala. Usifungue kitu chenye skrubu.

*Una boila la kombi.* Rejeta na presha ni zako. Mengine yote ni ya fundi wa Gas Safe. Akija, mwombe akuonyeshe kadi yake ya kitambulisho. Nyuma ya kadi imeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya.

*Kelele imeanza siku ulipowasha joto baada ya kiangazi.* Njia ya kwanza, na uipe siku tatu. Pampu ikiwa imeganda kabisa haizunguki, ya zamani yenye skrubu katikati inaweza kuamshwa kwa kuuzungusha mhimili kwa bisibisi bapa, umeme ukiwa umekatwa.

*Glasi imetoka nyeusi na pampu bado changa.* Njia ya pili, na usiiguse pampu mpaka maji yawe safi. Katika nyumba yetu dawa ilizunguka wiki moja, tukamwaga, tukajaza, tukafunga chujio. Pampu ileile iliyokuwa inasaga ilinyamaza siku ya tatu. Mara ya kwanza nilipolifungua chujio baada ya miezi sita, sumaku ilitoka imevaa manyoya meusi unene wa kidole.

*Glasi imetoka nyeusi na pampu ni mzee.* Ya pili na ya nne pamoja, kusafisha kukitangulia. Acha pampu mzee ibebe dawa na tope, ndipo mpya iingie kwenye maji safi. Ukiwa na pesa ya moja tu msimu huu, safisha kwa dawa sasa na uvumilie mkwaruzo mpaka majira ya kuchipua, ilimradi pampu inazunguka na rejeta zote zina moto.

*Maji masafi, beringi zinasaga.* Ya tatu kama koki zinafunga na kichwa kinapatikana. Ya nne kama kimoja kati ya hivyo hakipo.

*Una mtoto mchanga au mzee ndani, na baridi imeshika.* Usianze kazi yoyote ya kumwaga maji Ijumaa jioni. Shusha spidi, toa upepo, tafuta hita ya umeme ya kuazima, na umwite fundi siku ya kazi asubuhi, duka la vipuri likiwa wazi.